Kabati la Kufulia Kwenye Nyumba Ndogo: Mabomba Kwanza, Milango Baadaye

Fleti ya vyumba viwili Dar es Salaam haina uwani. Kazi yote iliyokuwa ikifanyika uwani, yaani kuloweka, kufua, kusuuza, kukamua na kuanika, sasa inatakiwa iingie kwenye kipande cha ukuta kisichofika mita mbili kati ya jiko na choo, na mgeni aliyekaa sebuleni asione hata beseni. Inawezekana kabisa. Tatizo ni kwamba watu wengi huanzia kwa seremala. Kabati linatengenezwa, linapakwa rangi, linapendeza, halafu mashine ya kufulia inaletwa na haiingii. Au inaingia, lakini mpira wa kutolea maji hauna pa kwenda, na unaishia kuning'inizwa kwenye sinki la jikoni juu ya vyombo.

Sisi tunapanga kinyume chake. Swali la kwanza ni maji machafu yatatokea wapi. La pili ni nguo mbichi zitaanikwa wapi. Halafu nguvu ya maji safi, halafu umeme, halafu vipimo vya mashine yenyewe. Seremala au fundi wa aluminiamu anaitwa mwisho, akute mabomba na soketi vimeshakaa mahali pake.

Kwa hiyo kona nzuri ya kufulia ni ile iliyo karibu na bomba la maji machafu, hata kama si nzuri kwa macho. Ukuta unaopakana na bafu au jiko ndio wa kwanza kutazamwa. Chini ya ngazi panavutia, ila mara nyingi pako mbali na chemba. Bomba la maji machafu linahitaji mteremko wa sentimita 2 hadi 2.5 kwa kila mita, kwa hiyo bomba la mita 4 linashuka karibu sm 10. Kwenye zege la ghorofa hizo sm 10 hazipo, labda uinue sakafu au upitishe bomba kwenye dari ya jirani wa chini, na jirani huyo hatakubali.

Pampu ya mashine hutema maji kwa kasi ya lita 15 hadi 20 kwa dakika, tena yamejaa povu. Bomba jembamba la sinki la kunawia, la inchi moja na robo, hulemewa. Maji yanarudi juu, na povu linachomoza kwenye sinki. Weka bomba la inchi 2 peke yake kwa ajili ya mashine. Chini liwe na trapu, yaani kipande kilichopinda kinachobakiza maji ndani yake, kisha lipande wima mpaka mdomo wake ufike kati ya sm 60 na 90 kutoka sakafuni. Mpira wa mashine uingie humo sm 15 tu, ubanwe kwa klipu ukutani usichomoke maji yakipiga, na tundu linalobaki kuzunguka mpira liachwe wazi.

Hapo kwenye tundu ndipo mafundi wengi hukosea. Wanaliziba kwa silikoni ili harufu isipande. Harufu huzuiwa na maji yanayokaa kwenye trapu, na silikoni haisaidii chochote. Tundu likizibwa, au mpira ukisukumwa mpaka chini kabisa, hewa haiingii, na maji yakishaanza kushuka yanajivuta yenyewe hata baada ya pampu kuzima. Dalili yake ni mashine inayojaza maji bila kukoma, huku maji hayapandi ndani ya pipa. Yanaingia juu na kutokea nyuma. Mtu anaita fundi wa mashine, anabadilishiwa vali, analipia, na hali inabaki ileile. Dalili hiyohiyo hutokea mpira ukilazwa chini kwenye mdomo wa trapu ya sakafu badala ya kupandishwa juu.

Sakafu ya kona hiyo nayo ijengwe kama ya bafu. Kizingiti cha sm 5 mbele, trapu ya sakafu ndani, mteremko wa sentimita 1 au zaidi kwa mita kuelekea trapu, na dawa ya kuzuia maji iliyopakwa chini ya marumaru na kupanda ukutani sm 15 hadi 20. Kabla ya kulaza marumaru, ziba trapu, mwaga maji mpaka yafike nusu ya kizingiti, piga alama ya penseli ukutani, na uache saa 24. Maji yakishuka waziwazi chini ya alama, au dari ya chini ikilowa, unarudia. Mpira wa mashine ukipasuka ukiwa kazini, kizingiti hicho ndicho kinachookoa makochi ya sebuleni. Na ukisafiri kwa wiki kadhaa, kumbuka kumwaga jagi la maji kwenye trapu ya sakafu siku ya kuondoka na siku ya kurudi. Ikikauka, mende wana barabara.

Maji safi yana shida nyingine. Mashine nyingi za mlango wa mbele zinadai shinikizo la baa 0.3 hadi 0.5 ndipo vali yake ifunguke vizuri. Kila mita moja ya kimo cha maji hutoa baa 0.1. Simtanki lililokaa juu ya zege, kitako chake kikiwa mita 2 juu ya koki, linatoa baa 0.2 tanki likikaribia kwisha. Mashine itanguruma kidogo, itasubiri, kisha itawasha taa ya hitilafu ya maji. Kabla ya kununua, chukua ndoo ya lita 10 na ufungue koki iliyopo mpaka mwisho. Ndoo ikichukua zaidi ya dakika mbili kujaa, panga pampu ndogo inayojiwasha yenyewe au pandisha tanki. Ukiweka pampu, hakikisha hakuna koki inayodondosha popote nyumbani, kwa sababu tone dogo linatosha kuifanya iwake na kuzima usiku kucha.

Koki ya mashine huwa na mdomo wa robo tatu inchi kwa ajili ya mpira, wakati bomba la ukutani ni la nusu inchi. Usiiweke nyuma ya mashine. Iweke pembeni, ndani ya kabati la sinki, ambapo mkono unaifikia bila kusogeza kitu chenye kilo 60 au 70. Mpira wa kuingizia maji unabeba shinikizo muda wote koki ikiwa wazi, na ukipasuka usiku, mtu anatakiwa aifunge kwa kupapasa gizani. Tabia nzuri ni kuifunga kila baada ya kufua. Pale mpira unapoingia mashineni kuna chujio dogo la wavu. Maji ya kisima na ya mgao huleta mchanga, chujio linaziba, na mashine inalalamika kwamba haipati maji. Funga koki, fungua mpira, vuta chujio kwa koleo ndogo, sugua kwa mswaki wa zamani, rudisha.

Kuhusu aina ya mashine, msimamo wetu ni huu: kwa kabati la kufichwa, chukua ya mlango wa mbele. Ya mfuniko wa juu inataka nafasi tupu ya sm 45 hivi juu yake, kwa hiyo kaunta haipo tena. Lakini mtaa wenye mgao mkali wa maji unabadilisha hesabu. Ya mfuniko wa juu unaweza kuijaza kwa ndoo, ya mlango wa mbele haikubali kirahisi. Kwa upande mwingine, ya mlango wa mbele ya kilo 7 hutumia kama lita 50 kwa mzunguko mzima, wakati ya mfuniko wa juu huweza kupita lita 100. Yenye mapipa mawili, moja la kufua na moja la kukamua, ni pana mno kufichwa vizuri. Ukiwa nayo, iweke juu ya magurudumu uivute nje siku ya kufua.

Vipimo sasa. Mashine ya kawaida ya mlango wa mbele ina upana wa sm 60, kimo sm 85, na kina kati ya 45 na 60 kulingana na ujazo. Acha sm 2 kila upande, maana ikikamua kwa mizunguko 1200 kwa dakika inatikisika, na ikigusa mbao nyumba nzima inasikia. Nyuma acha sm 8 kwa ajili ya mipira. Watu husahau hizo 8, mashine inatokeza mbele, na mlango wa kabati haufungi. Chini ya kaunta pawe na sm 87 au 88, ili ubaki na nafasi ya kuingiza mkono na kurekebisha miguu.

Chukua ukuta wenye uwazi wa sm 168. Mashine na nafasi zake, 64. Sinki la kufulia, 50. Sehemu ya vikapu na mbao ya kupigia pasi, 45. Mbao nne za kusimama zenye unene wa mm 18, jumla 7.2. Hesabu inafika 166.2, na ile sm 1.8 inayobaki si ya kupoteza: ukuta wa tofali uliopigwa lipu mara chache huwa wima kutoka chini hadi juu, na fundi anaihitaji kwa kujaza vipande. Pima uwazi sehemu tatu, chini, katikati na juu, na ufanye kazi kwa kipimo kidogo kuliko vyote.

Mashine ikae kushoto, sinki katikati. Milango ya mashine nyingi za mbele ina bawaba kushoto, kwa hiyo ukiifungua inaegemea upande huo na mkono wako wa kulia unavuta nguo moja kwa moja kuelekea sinki na kaunta. Ukiigeuza, mlango unakuwa ukuta kati yako na beseni. Mbele ya kabati lazima pabaki sm 90 za mtu kuchuchumaa na beseni pembeni. Koridoa ya sm 80 haitoshi, hata kama mchoro unaonyesha inatosha.

Sinki usiliache. Kola za sare za shule bado zinataka kusuguliwa kwa mkono, na kanga mpya inayochuja haichanganywi na mashuka meupe. Kina cha ndani kiwe sm 25 hadi 30, na ukingo wake uwe sm 85 kutoka sakafuni, ili anayefua asiiname mpaka mgongo uume. Koki yake iwe ndefu kiasi cha ndoo kuingia chini yake.

Umeme hauhitaji maneno mengi, ila hauna mzaha. Mashine inayochemsha maji inavuta wati 2000 au zaidi, karibu ampea 9. Iwe na soketi yake ya ampea 13, waya wake wa mm 2.5 za mraba kutoka kwenye bodi, breka ya ampea 20, na kinga ya kuvuja umeme ya miliampea 30. Hakuna ekstensheni ndani ya kabati. Soketi ikae juu ya kaunta, pembeni ya mashine na walau sm 30 kutoka ukingo wa sinki. Kama kabati liko ndani ya bafu, soketi iwekwe upande wa nje wa ukuta na waya upite kwenye tundu. Jambo linaloonekana mara kwa mara ni waya wa ethi unaofika kwenye soketi lakini haufiki kwenye nondo iliyozikwa ardhini. Ukigusa bati la mashine ukiwa pekupeku linakutekenya. Ndani ya mashine kuna kichujio cha umeme ambacho kwa kawaida hupeleka mkondo mdogo kwenye ethi, na ethi isipokuwepo, njia ni wewe. Usizoee mtekenyo huo. Mwite fundi umeme apime.

Kwa wanaohesabu yuniti za Luku, kupasha lita 15 za maji kutoka nyuzi 27 hadi 60 hula kama yuniti 0.6, achilia mbali mota. Maji ya bomba Dar tayari yana uvuguvugu. Nguo za kila siku zinatakata kwa maji hayo hayo. Nyuzi 60 ziwekee mashuka, taulo na nguo za mgonjwa.

Sasa seremala anaweza kuja. MDF na chipubodi, yaani mbao za unga au chenga zilizogandishwa kwa gundi, zikinywa maji kwenye ncha zinavimba na hazirudi. Ukizitumia, ncha zote zifungwe kwa utepe, na upande wa chini uinuliwe sm 10 juu ya miguu ya plastiki. Bora zaidi ni plaiwudi ya marini, au fremu ya aluminiamu ambayo mafundi wa madirisha wanaitengeneza kila mtaa. Bawaba na skrubu ziwe za chuma kisichoshika kutu. Karibu na bahari, bawaba ya bei rahisi hula kutu haraka, kisha mlango unainama na kuanza kukwaruza sakafu.

Milango ya kuteleza haitumii nafasi ya mbele, lakini reli mbili zinakula sm 8 hadi 10 za kina, na unaona nusu ya kabati kwa wakati mmoja. Kwa mashine ya kina cha 55, kabati la kuteleza linafika sm 72, la bawaba 67. Milango inayokunjika katikati ndiyo tunayoipendelea kwa uwazi wa sm 168: pande mbili, kila upande vipande viwili vya sm 42, ukifungua kila kitu kiko wazi. Na tuseme ukweli, pazia la kitenge kizito kwenye fimbo linafanya kazi vizuri kuliko milango mingi ya gharama. Linapitisha hewa, linafuliwa, na halina bawaba ya kuoza.

Hewa ndiyo inayofanya milango iliyobana iwe mibaya. Baada ya kufua, pipa, mpira wa mlangoni na droo ya sabuni hubaki na maji. Kabati likifungwa mara moja, kwenye unyevu wa pwani, baada ya muda unaona vidoa vyeusi vya ukungu kwenye mkunjo wa ule mpira, na taulo zinatoka na harufu ya uvundo hata zikiwa zimefuliwa. Acha uwazi wa sm 2 chini ya milango, na juu weka luva au wavu wa upana wote wa kabati, ili hewa iingie chini na kutokea juu. Mlango wa mashine uache wazi kidogo, droo nayo ivutwe nje, na mkunjo wa mpira ufutwe kwa kitambaa kikavu.

Kuanika ndiko kunakosahauliwa, na ndiko kunakotoa siri nje. Kabati linafichwa vizuri, halafu nguo zinaning'inia kwenye viti vya mezani. Kilo 7 za nguo kavu zikikamuliwa kwa mizunguko 1000 hadi 1200 bado zina maji kama kilo 4. Jumla inafika kilo 11, na zilizokamuliwa kwa mkono zinazidi hapo. Fremu ya kupandisha darini kwa kamba na kapi, iliyowekwa kwenye kibaraza cha nyuma, ifungwe kwa boliti za kupanuka kwenye zege, ibebe kilo 20 bila kulalamika. Boliti zikiingia kwenye jipsamu peke yake, itaanguka siku ya mablanketi. Fimbo ziachane sm 15, maana zikibanana zaidi hewa haipiti na nguo zinanuka kabla hazijakauka. Kwa makadirio yetu kila kilo ya nguo kavu inataka mita 2.5 hadi 3 za kamba, lakini mashati yakianikwa kwenye henga yanapunguza hitaji hilo sana, na pasi inakuwa nyepesi. Ndani ya kabati, fimbo moja juu ya sinki inatosha kwa henga za nguo zinazodondosha. Nguo zilizoanikwa nje zipigwe pasi pande zote, chupi na nepi zikiwemo, kwa sababu ya nzi wa maembe, ambaye hutaga mayai kwenye nguo mbichi na mabuu wake huingia kwenye ngozi. Joto la pasi linaua mayai hayo.

Sabuni ya unga ya kufulia kwa mkono inatoa povu jingi mno kwa mashine ya mlango wa mbele. Povu hupanda kwenye droo, hukalia kihisio cha maji, na mashine inasuuza tena na tena. Nunua ya mashine na upime kwa kifuniko chake. Rafu ya sabuni na dawa ya madoa iwe sm 150 kutoka sakafuni, yenye kitasa, mbali na watoto.

Mashine ikifika, nyuma yake kuna boliti za usafiri, kwa kawaida tatu au nne, zinazoshika pipa. Zitoe zote kwa spana kabla ya kuwasha, uzifunge kwenye mfuko na kuzihifadhi kwa siku ya kuhama. Ikiwashwa nazo, inaruka ruka sakafuni na inaweza kuharibika. Tumia pimamaji kwa urefu na kwa upana, kisha bonyeza pembe mbili zinazotazamana. Ikicheza, rekebisha mguu, halafu kaza nati ya kufungia mguu juu kabisa. Wengi hawaikazi, na mashine inapoteza usawa taratibu. Kabla ya kufunga kabati, weka karatasi ya chooni chini ya kila ungio la maji na uendeshe mzunguko mzima bila nguo. Tone moja tu linaonekana kwenye karatasi.

Mpangaji asiyeruhusiwa kuvunja ukuta ana njia. Tii ya nusu inchi, yaani kiungio chenye midomo mitatu, yenye koki yake huwekwa kwenye bomba la sinki la jikoni, na ikifunguliwa siku ya kuhama hakuna alama. Mpira wa maji machafu huning'inizwa kwenye ukingo wa sinki kwa ndoano yake, kisha ufungwe kwa kamba kwenye shina la koki, kwa sababu maji yanapoanza kutoka huurusha nje. Toa wavu wa taka kwenye tundu la sinki kwanza, na mashine isiachwe ikimwaga wakati hakuna mtu nyumbani.